Mzigo Uliolala Yadini ni Amana

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, tunapoitaja amana aghalabu fikra zetu huenda kwenye fedha alizotuachia jirani. Leo tunapenda kukumbushana amana nyingine, nayo ni mzigo wa mtu tusiyemjua unaolala katika yadi ya malori. Kuanzia bandari ya Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma, mwendo unaozidi kilomita 900, ziko yadi nyingi, na humo wanafanya kazi waume zetu, kaka zetu na vijana wetu. Hapo hupita shaba ya Zambia na Kongo ikiteremka kwenda melini, na hapo hupita bidhaa za madukani zikipanda kwenda bara.

Kishawishi si kidogo. Mwezi Mei 2021 bei ya shaba katika soko la London ilivuka dola 10,000 kwa tani. Lori lenye tani 30 lilikuwa limebeba mali ya dola 300,000, na usiku likalindwa na mtu mmoja mwenye tochi na kirungu. Mwenye yadi anayemcheleweshea mlinzi huyo mshahara wake amefungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Wenye yadi wengi wakiibiwa hukimbilia kupandisha ukuta na kuongeza seng'enge. Si vibaya, lakini mwizi wa mizigo mara nyingi hana haja ya ukuta. Huingia langoni mchana kweupe, kwa kuwa mtu wa ndani amekwisha kumweleza kontena lipi lina nini na litaondoka saa ngapi. Kwa hiyo siri ya mzigo isiwe mazungumzo ya kijiweni. Namba ya lakiri isomwe na kuandikwa lori linapoingia na linapotoka. Bawaba na makomeo yakaguliwe pia, kwani wako wanaofungua makomeo na kuiacha lakiri nzima. Makontena yaegeshwe milango ikitazamana, isipatikane nafasi ya kuifungua. Na akija dereva mgeni kuchukua mzigo, ipigwe simu kwa namba ya kampuni inayojulikana tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye karatasi aliyokuja nayo.

Pengine mtu atasema kwamba yote ni kudra. Ni kweli, lakini wanazuoni wetu wametufundisha kuwa mwenye kupewa amana halipi kilichopotea pasi na kosa lake, bali hulipa akizembea au akivuka mipaka. Kutawakali hakumwondolei mja wajibu wa kufunga kufuli. Na mlinzi anayepokea bahasha ili ageuze uso asijidanganye kwamba hakuiba kwa kuwa hakugusa kitu.

Sasa tugeukie majumbani mwetu, kwani wizi hauishi bila mnunuzi. Mafuta ya dizeli yaliyonyonywa kwenye tangi la lori, vitenge na mchele vinavyouzwa gizani kwa nusu ya bei na bila risiti, vyote vina mwenyewe anayevililia. Anayenunua huku akijua ni mshirika wa aliyeiba. Mama anayeletewa nyumbani fedha zisizolingana na mshahara wa mumewe ana haki ya kuuliza zimetoka wapi, tena aulize kabla hazijawa chakula cha watoto. Baba naye asiudhike kwa kuulizwa.

Dereva huyo huyo anayeibiwa mzigo yadini ndiye anayelala mahabusu wakati wezi wakigawana. Naye ana mke, ana watoto wanaosubiri ada ya shule. Tumwonee huruma kwa kukataa kununua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watunzaji wa amana, na azitakase riziki zetu. Amin.