Imani Haina Stakabadhi



Mwezi uliopita, saa ya kufunga ofisi ilipokaribia, mkulima mmoja alikuja dirishani pangu akiwa na bahasha kuukuu mkononi. Nilimfahamu, maana twasali kanisa moja naye huketi safu ya tatu. Nilidhani ataka nimsaidie kujaza fomu. Kumbe sivyo. Ndani ya bahasha ile mlikuwa na stakabadhi za zaka yake ya miaka tisa, zote zimepangwa kwa tarehe, vizuri kuliko mafaili yangu mwenyewe. Akazitandaza mbele yangu, akasema:

"Karani, mwanangu, wewe umesoma misheni. Mahindi yangu yamekauka misimu miwili. Ng'ombe wangu wa maziwa amekufa kwa ndigana. Mke wangu yu mgonjwa tangu Pasaka. Hebu nionyeshe katika karatasi hizi mwezi ambao sikulipa."

Nami, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuwahi gari, nilimjibu, "Mzee wangu, baada ya dhiki faraja." Akanitazama kitambo kidogo, akazikusanya karatasi zake moja moja, akavaa kofia yake, akaenda. Hakukasirika. Afadhali angalikasirika.

Methali ile si ya uongo. Mara nyingi mvua hurudi, na mgonjwa huinuka. Lakini siku ile nililitumia neno jema kama muhuri wa ofisi: unaugonga, faili linafungwa, na mwenye shida anakwenda zake. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri ni jibu gani lililompasa mzee yule, na leo naomba ruhusa yenu nilitafute pamoja nanyi.

Kwanza yafaa tukiri kwamba swali lake ni letu sote. Sisi makarani tumezoea kwamba mtu akilipa hupewa karatasi, na akiwa na karatasi ana haki ya kudai. Ndivyo ilivyo katika kodi, na ndivyo ilivyo katika karo ya shule. Basi polepole twaichukua desturi hiyo mpaka kanisani. Twahesabu sadaka, sala na Jumapili, kisha msiba ukibisha hodi twashangaa kana kwamba mkataba umevunjwa. Na jirani zetu nao hawakawii kusema kwamba lazima mtu huyu amefanya jambo la siri. Marafiki wa Ayubu walisema hivyo hivyo. Nao walikuwa wameanza vizuri sana, maana Kitabu chatueleza kwamba waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo kusema neno. Mambo yaliharibika walipofungua vinywa.

Katika kutafuta jibu nimewakumbuka watu wawili ambao majina yao tulifundishwa shuleni kwa sababu ya milima tu. Mwalimu alitutajia theluji ya Kilimanjaro, alitutajia Mlima Kenya, kisha kengele ikalia. Nasema ni hasara, kwani mambo makubwa zaidi ya watu wale hayakuwa milimani.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, naye mama huyo alikuwa mja mzito. Kabla ya hapo, walipokuwa safarini Habeshi, walikuwa wamekwisha kumzika mtoto wao wa kwanza. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosine alijifungua mtoto wa kike. Homa ikamshika mama, ikamshika na baba. Tarehe 13 Julai mama akafa, na mtoto akamfuata siku zile zile, hali Krapf mwenyewe hawezi kusimama sawasawa kwa ugonjwa. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, si kisiwani, ili wapitao njia waone kaburi lake na kukumbuka ni jambo gani lililowaleta. Basi akazikwa ng'ambo ya maji, upande wa Nyali, na kaburi hilo lipo hata leo.

Hebu tufikiri. Kama imani ingekuwa na stakabadhi, ni nani aliyekuwa na nyingi kuliko mama yule? Aliacha kwao Ulaya, akavuka bahari kwa ajili ya Injili, na malipo yake yalikuwa makaburi. Krapf hakupewa sababu. Wiki chache kabla ya msiba alikuwa ameanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, ambaye bila shaka alikuwa Mwislamu. Baada ya mazishi, alipopata nguvu, alirudi kwenye karatasi zile zile. Sioni kama alirudi kwa sababu huzuni imekwisha. Nadhani alirudi kwa sababu kazi ilikuwapo mezani, na Yeye aliyempa kazi hakuwa ameiondoa.

Mwenzake Johannes Rebmann alikuja mwaka 1846. Siku walipohamia Rabai, mwezi wa Agosti, wote wawili walikuwa wanatetemeka kwa homa, na punda alikuwa mmoja, wakampanda kwa zamu. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848, na bwana mmoja aliyeketi London, Desborough Cooley, akaandika kwamba haiwezekani. (Ni kawaida ya waketio ofisini kuwasahihisha waendao kwa miguu, nasema hivyo hali nikijua kwamba mimi mwenyewe naketi ofisini.) Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa kuwa afya yake imevunjika, lakini Rebmann alibaki. Mkewe Emma akafa mwaka 1866. Waliobatizwa walikuwa wachache sana. Kisha macho yakaanza kufifia, mpaka yule aliyeona theluji asiweze tena kuona kurasa za kamusi alizoandika kwa mkono wake. Alikaa pwani yetu karibu miaka 29.

Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu. Aliyefuatana naye kwenda Ulaya na kumwongoza alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Madaktari wa huko hawakuweza kumrudishia macho, naye akafa mwaka 1876, mjini Korntal. Kila niisomapo habari hii mimi husimama hapo kwa Nyondo. Mgeni alikuja kuwaonyesha watu wa Rabai njia, na mwishowe mtu wa Rabai akamshika mkono akamwonyesha yeye.

Najua wako watakaosema kwamba mambo hayo yote yaliishia vema, kwani mbegu ilimea na leo makanisa yamejaa toka Rabai hata Ziwa. Ni kweli, lakini Rosine hakuyaona. Rebmann hakuyaona, wala hata kama yangekuwapo asingaliweza kuyaona kwa macho yake. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka 1882, naye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Tukiwaambia walio katika dhiki kwamba wavumilie kwa kuwa faida i karibu, twawarudisha katika hesabu ya stakabadhi, ila tumeisogeza tarehe mbele.

Liko jambo jingine ambalo lazima niliseme. Krapf na Rebmann hawakujua kwamba homa ile yaletwa na mbu. Daktari Ronald Ross aliwagundua wadudu wa homa hiyo ndani ya mbu huko Bara Hindi mwaka 1897. Sisi twajua. Twajua chandarua, twajua dawa, twajua njia ya zahanati. Hata hivyo wako watu wafundishao kwamba Mkristo aendaye hospitali ameonyesha shaka.

Nayajua mafundisho hayo kwa kuwa yalifika nyumbani kwangu. Miaka minne iliyopita, wakati wa masika, mwanetu wa pili alishikwa na homa. Alikuwa na miezi kumi na mmoja. Mhubiri mmoja mgeni, ambaye jina lake silitaji, alituomba tukeshe katika maombi, tusimtie Mungu majaribuni kwa kukimbilia wanadamu. Tulikesha siku mbili. Mimi niliyesoma elimu ya viumbe mpaka darasa la juu, mimi ambaye hubandika matangazo ya afya ukutani kwa gundi, nilikesha siku mbili. Siku ya tatu tulimchukua, na mganga mkuu akatutazama tu. Hakutulaumu. Tulirudi na mtoto amefungwa katika kanga ya mamaye.

Baada ya hapo nilipita mbele ya kanisa Jumapili saba bila kuingia. Nilikuwa na hasira kwa mhubiri, kwa Mungu, na zaidi kwa nafsi yangu. Watu wengi walikuja kutupa pole, na maneno yao yalikuwa mazuri, lakini sikumbuki hata moja. Namkumbuka bibi kizee mmoja jirani yetu, mjane, asiyejua kusoma. Alikuja kila alfajiri kwa majuma matatu, akaweka mzigo wa kuni mlangoni na sufuria ya uji, akaketi na mke wangu jikoni pasipo kusema kitu, kisha akaenda shambani kwake. Siku moja nilimwuliza, "Nyanya, mbona huniambii nirudi kanisani?" Akajibu, "Kanisa lajua mahali unapokaa." Jumapili ya nane nilirudi. Siwezi kusema nilirudi na majibu. Swali langu bado liko pale pale nilipoliacha, nami hulipeleka mbele ya Mungu pamoja na mengine, na nyakati nyingine kwa sauti isiyo ya adabu. Nimesoma Zaburi za kutosha kujua kwamba mimi si wa kwanza kusema naye hivyo.

Basi nimekwisha kufahamu nilichokosa siku ile dirishani. Mzee alileta karatasi zake kwa mtu aliyewahi kupigana na hesabu ile ile, na mtu huyo akajificha nyuma ya methali.

Jumamosi iliyofuata nilipanda baiskeli nikaenda kwake. Nilimkuta aking'oa mabua makavu, tukang'oa pamoja hata adhuhuri. Mkewe alikuwa amelala ndani, na nilipouliza juu ya hospitali, mzee alisema amewahi kwenda mara mbili lakini hafahamu dirisha lipi ni la kuandikisha na lipi ni la dawa, na kila mahali watu walimwambia angoje. Madirisha ndiyo kazi yangu. Niliomba ruhusa ya siku moja, na Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumekwisha kufika, sisi watatu, na mbele yetu safu ya watu imezunguka jengo. Mama tulimwekea blanketi akaketi chini ya mti. Mzee alikuwa na bahasha yake ile ile. Nilipochungulia niliona kwamba ameweka humo cheti cha mgonjwa, na zile stakabadhi zimewekwa nyuma yake. Akaniuliza kama nimefungua kinywa tangu asubuhi. Nikasema bado. Akatoa kiazi kitamu kimoja katika mfuko wa koti, akakivunja, akanipa kipande kilicho kikubwa.