Kosa la Herufi Moja

Wako wasemao kuwa kuchanganya “affect” na “effect” ni kosa dogo la herufi moja. Wamekosea. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, furu wa Ghuba ya Mwanza walikuwa wamepungua mno. Mwanafunzi atakaye kueleza madhara hayo, akiandika kuwa sangara “effected” furu, amesema kwa Kiingereza kwamba sangara ndiye aliyewaleta furu: mlaji amegeuzwa mzazi! Kiswahili, kinachoachwa nje ya mlango wa darasa, kingemwokoa, maana kuathiri si kuleta. Basi na alipime wazo lake kwanza kwa Kiswahili, ndipo aandike kwa lugha ya kigeni. Neno likipotoka, elimu nayo imepotoka.