Kipya Kisitufanye Tutupe Kizima

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo hudai kompyuta yenye kifaa cha usalama cha TPM 2.0, isiyo nacho, hata ikiwa nzima, huhesabiwa kuwa haifai. Mzigo huo huziangukia shule na ofisi ndogo.

Morogoro twajua ubaya wa amri isiyopimwa. Mwaka 1955, huko Matombo, Waluguru walikataa matuta ya ngazi ya serikali ya kikoloni, yaliyowatwisha kazi nzito na kufukua udongo usiozaa.

Hatupingi maendeleo, mfumo usiolindwa ni hatari. Lakini wakuu wetu wapime kwanza vyombo vilivyopo, wahesabu gharama, ndipo waamuru.