Askari Mstaafu Aijue Sheria ya Kazi

Kila mwaka baadhi ya wanajeshi na askari polisi wetu huvua sare kwa heshima na kurudi uraiani. Wengi hawakai bure. Watoto wangali shuleni na shamba peke yake halitoshi, kwa hivyo huajiriwa na kampuni za ulinzi, viwanda na wenye maghala. Waajiri huwapenda kwa sababu wamezoea zamu za usiku na kutii amri. Lakini utii huo, ambao kambini ni sifa, huko uraiani umewapotezea baadhi yao haki zao.

Majuzi alifika ofisini kwetu sajini mmoja mstaafu. Alikuwa amelinda lango la kampuni moja kwa miaka sita. Asubuhi moja msimamizi alimwambia arudishe sare na kirungu, asije tena. Hakupewa barua wala hakuulizwa neno. Sajini alisimama wima, akajibu, "Ndiyo, afande," akaenda zake. Alipokuja kwetu miezi mitano ilikuwa imekwisha kupita. Tulipomwuliza kwa nini alinyamaza, alijibu kwamba amri ilikuwa imekwisha kutolewa.

Yafaa ieleweke kwamba msimamizi wa kampuni si kamanda. Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006 haiwahusu wanajeshi walio katika utumishi. Hao wana sheria yao. Lakini siku mstaafu anapoajiriwa na mwajiri wa kiraia, sheria hiyo humlinda sawa na mfanyakazi mwingine yeyote. Aliyetumika mwaka mmoja bila kutimiza mitano hustahili notisi ya mwezi mmoja. Aliyetimiza mitano bila kufikia kumi hustahili miezi miwili, na aliyetimiza kumi au zaidi, miezi mitatu. Sajini wetu, basi, alistahili miezi miwili, lakini hakupewa hata siku moja.

Hata anayeshukiwa kosa ana haki yake. Kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbaya, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu na asikilize majibu yake. Mfanyakazi naye aruhusiwa kufika na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mwajiri asiyefanya hivyo hudaiwa mshahara wa majuma manne, hata kama kosa lenyewe lilikuwa la kweli. Jambo hili halipaswi kuwa geni kwetu, maana hata jeshini mshtakiwa husomewa shtaka na kupewa nafasi ya kujitetea.

Malalamiko ya kufukuzwa bila haki hupelekwa kwanza kwa Ofisa wa Kazi, nayo yapasa kupelekwa katika muda wa miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa. Asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufani katika Mahakama ya Viwanda, ambamo jaji huketi pamoja na wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi. Anayechelewa yampasa kuonyesha sababu ya haki ya kuchelewa kwake, na si rahisi kumridhisha Ofisa kwa kusema tu kwamba hukujua. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Barua ya kuajiriwa, hati za mshahara na ratiba za zamu zitunzwe nyumbani kama inavyotunzwa hati ya kustaafu.

Sasa twawaelekea vijana wetu. Wamo katika majeshi na polisi watu waliosomea sheria chuo kikuu, wakapita katika chuo cha LDC mjini Kampala na kuandikishwa kuwa mawakili. Baadhi yao huzidharau kesi za kazi; macho yao yako kwenye mashauri ya ardhi na ya makampuni makubwa. Sisi twaona kwamba hilo ni kosa. Kesi ya mlinzi mmoja humfundisha wakili mchanga kumsikiliza kwa subira mtu asiyejua kulieleza shauri lake. Humfundisha kupanga tarehe na hati kwa uangalifu kama wa ripoti ya doria. Tena humfundisha kutafuta mapatano kabla ya mapambano, kwa kuwa shauri lililoandaliwa vema huweza kumalizika mbele ya Ofisa wa Kazi bila kufika mahakamani. Isitoshe, sheria ya mawakili yamtaka kila wakili atoe saa 40 kila mwaka kuwahudumia wasio na uwezo. Wazee waliotulinda wasisahauliwe katika saa hizo.

Kwa makamanda nao tuna neno. Sheria hiyo, ingawa haiwahusu wanajeshi, yawahusu raia walioajiriwa na jeshi. Karani au mpishi wa kiraia haondolewi kambini kwa kukemewa kwenye gwaride. Anayefanya hivyo huliingiza jeshi katika madai, na fedha za kulipa madai hayo ni za wananchi.

Sajini yule tulimwelekeza kwa Ofisa wa Kazi, akiwa na barua ya kueleza sababu ya kuchelewa kwake. Twamtakia heri, lakini njia yake imekuwa ngumu pasipo lazima. Kwa hivyo twapendekeza kwamba kila kikosi, kabla ya kuwaaga wanaostaafu, kitenge siku moja ambapo ofisa wa sheria atawafundisha mambo haya kwa Kiswahili chepesi, kila mmoja akiwa na kalamu na daftari. Aliyefundishwa kuijua bunduki yake kwa miaka mingi hashindwi kuujua mkataba wake kwa siku moja.