Chipukizi Hakomazwi kwa Kufichwa

Timu inayojengwa upya haipimwi kwa ushindi pekee, bali pia kwa jinsi inavyowalea chipukizi wake. Katika hoki ya barafuni, washambuliaji hucheza watatu watatu katika safu nne zinazopokezana. Kwa hivyo, kocha apangapo safu huwa anaamua pia nani atakua na nani atadumaa.

Montreal Canadiens ya Kanada ni mfano mwafaka. Mwaka 2022 klabu hiyo ilimteua Juraj Slafkovský, Mslovakia wa miaka 18, akiwa chaguo la kwanza kati ya chipukizi wote walioteuliwa na vilabu vya ligi ya NHL. Msimu wake wa kwanza ulikuwa mchungu: michezo 39, mabao 4, kisha jeraha. Wapo walioshikilia kwamba ateremshwe daraja la chini. Hoja yao ilikuwa na mashiko, kwani kushindwa mbele ya umati huweza kumvunja kijana moyo.

Hata hivyo, msimu uliofuata kocha Martin St. Louis alimpanga safu moja na wachezaji stadi, Nick Suzuki na Cole Caufield. Slafkovský aliumaliza akiwa na mabao 20.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Lakini mkunjaji sharti awe karibu. Chipukizi anayetupwa safu ya mwisho kwa dakika chache, kisha akalaumiwa kwa kutofunga, hana kosa. Kosa ni la aliyempanga.