Runinga ya Bure: Gharama Iliyojificha Katika Kifaa cha Kutazamia

Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo Kusini mwa Jangwa la Sahara kuanza kuhamia matangazo ya dijitali. Wakati huo kila kaya ilijiuliza inunue king'amuzi kipi. Leo swali hilo limerejea kwa sura nyingine.

Madukani, king'amuzi sasa kinashindana na runinga janja, visanduku vya Android na vijiti vidogo vinavyochomekwa nyuma ya runinga. Vingi hunadiwa kwa neno moja: bure. Hata hivyo, neno hilo halina maana moja kwa vifaa vyote, na kabla ya kununua, mwananchi anapaswa kujua ni nani anayelipia njia inayoleta picha nyumbani.

Kwa matangazo ya mitambo ya ardhini yanayonaswa kwa antena, gharama kubwa kwa mtazamaji ni ununuzi wa king'amuzi na antena. Baada ya hapo, chaneli za kitaifa zisizolipiwa, ikiwemo TBC1, hupatikana bila kifurushi pale mawimbi yanapofika. Baadhi ya runinga mpya zina kipokezi cha DVB-T2 ndani yake, na zinaweza kunasa matangazo yasiyofungwa bila king'amuzi cha pembeni.

Dishi la satelaiti hufika hata vijijini ambako mawimbi ya ardhini ni hafifu, lakini masharti ya leseni ni tofauti. Mwaka 2018 watazamaji wengi walishuhudia chaneli za ndani zisizolipiwa zikiondolewa kwenye ving'amuzi vya satelaiti vya kulipia, kwa kuwa leseni za watoa huduma hao hazikuwaruhusu kuzibeba. Hivyo, ni busara kumuuliza muuzaji ni chaneli zipi zitaendelea kuonekana kifurushi kikiisha.

Njia ya tatu ni intaneti. Vituo kadhaa vya ndani hurusha habari mubashara kupitia YouTube bila ada. Pamoja na hayo, data hulipiwa. Kampuni ya Netflix, kwa mfano, inaeleza kuwa saa moja ya video ya ubora wa kawaida hutumia hadi GB 1, na ya ubora wa juu hadi GB 3. Kwa makadirio hayo, familia inayotazama saa mbili kila siku inaweza kutumia hadi GB 60 kwa mwezi, au GB 180 kwa ubora wa juu. Kwa nyumba yenye intaneti ya mkongo isiyo na kikomo, hesabu hiyo haisumbui. Kwa nyumba inayotegemea bando la simu, runinga hiyo si ya bure.

Aidha, kuna suala la usalama. Juni 2025, Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI) lilitahadharisha kuwa vifaa vya intaneti vya majumbani, vikiwemo visanduku vya runinga vya Android, vimekutwa na programu hasidi iitwayo BADBOX 2.0, na vingine viliambukizwa kabla ya kumfikia mnunuzi. Kifaa cha aina hiyo huwawezesha wahalifu kupitisha uhalifu wao katika intaneti ya nyumba isiyo na habari. Kisanduku kisicho na jina la mtengenezaji, kinachoahidi chaneli zote za kulipia bila malipo, au kinachomtaka mtumiaji azime kinga ya Play Protect, ni cha kuepukwa. Rahisi ghali.

Nchini, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ndiyo yenye jukumu la kuidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kama kifaa kimeidhinishwa, kudai risiti na kuomba kijaribiwe mbele yake.

Mvua kubwa inapokaribia na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kutoa tahadhari, kaya iliyoishiwa bando inaweza kuikosa, ilhali jirani mwenye antena anaipata. Kwa kaya nyingi, basi, uamuzi wa busara ni kuanza na antena kama msingi, na kuongeza kifaa cha intaneti pale kipato na mtandao vinaporuhusu.