Wimbo Mmoja, Sauti Tatu: Uhakiki wa Fasihi Simulizi Uanzie Masikioni

Miongoni mwa wapenzi wa muziki wa Ulaya kuna mjadala usiokwisha. Mjadala huo unahusu koncheto za piano za enzi ya ulimbwende, yaani tungo ndefu ambamo mpiga piano mmoja hujibizana na okestra nzima. Swali linaloulizwa si kama tungo hizo ni nzuri. Hilo lilikubaliwa zamani. Swali ni: rekodi ya nani ndiyo bora? Chukua, mathalani, Koncheto ya Pili ya Sergei Rachmaninov, iliyochezwa kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza mjini Moscow mwaka wa 1901. Mtunzi mwenyewe aliirekodi mwaka wa 1929 pamoja na Okestra ya Philadelphia ikiongozwa na Leopold Stokowski. Miaka thelathini baadaye, mwaka wa 1959, Sviatoslav Richter aliirekodi mjini Warsaw. Noti ni zile zile zilizoandikwa karatasini. Hata hivyo, Richter huanza polepole, kama mtu anayebisha mlango mzito asijue kama utafunguliwa, ilhali Rachmaninov hupita pale pale kwa mwendo wa kasi zaidi, bila ya kujihurumia. La kustaajabisha ni kuwa wasikilizaji wengi humpenda Richter kuliko mtunzi. Sauti ya mwenye utungo haikuufunga mjadala.

Huenda msomaji akauliza: haya yanatuhusu nini sisi wanafunzi wa Kiswahili katika Bonde la Ufa? Yanatuhusu sana. Ikiwa utungo uliofungwa kwa wino, ambao kila noti yake imeandikwa, bado huzaa tungo mbili katika mikono ya watu wawili, itakuwaje kwa wimbo ambao haukuandikwa kamwe? Hapana shaka utazaa zaidi. Na bado sisi tunaodai kuwa fasihi simulizi ni fani yetu ndio tunaoridhika na nakala moja iliyochapishwa kitabuni. Kwa miaka mingi mtahini wa shule za upili amechapa beti tatu au nne za wimbo, kisha akamtaka mtahiniwa ataje kipera chake na abainishe vipengele vya kimtindo. Mtahiniwa hujibu kwa ufasaha na kupata alama zote, wala hajausikia wimbo wenyewe hata mara moja. Chuoni tunaendeleza desturi hiyo hiyo kwa istilahi nzito zaidi.

Makala haya yanatoa hoja moja: kwamba uhakiki wa wimbo wa fasihi simulizi haujakamilika, na pengine haujaanza, mpaka mhakiki awe amesikiliza angalau maonyesho mawili ya wimbo huo huo na kuyalinganisha. Mfano mzuri wa hoja hii tunao karibu.

Ukitoka Nakuru ukapitia Njoro na Molo hadi Kericho, kisha ukashika barabara ya kuelekea Sotik, utafika Kapkatet. Mwaka wa 1950, Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, alinasa katika eneo hilo nyimbo tatu za Wakipsigis zenye jina moja: Chemirocha. Rekodi hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka wa 1954 nchini Afrika Kusini, na zimetofautishwa kwa nambari: ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika vilima hivyo pamoja na gramafoni. Wanaisimu watautambua hapa utohozi uliokomaa. Jina geni limepitishwa katika tundu la fonolojia ya Kikipsigis likatoka upande wa pili likiwa linaanza kama Chemutai na Chebet. Mgeni amepewa jina la nyumbani kabla ya kupewa kiti.

Sasa tuzisikilize. Rekodi mbili za kwanza ni za wanaume wanaoimba kwa kinubi cha Kikipsigis. Sauti zao ni za watu wanaosimulia. Kinubi kinakwenda nao hatua kwa hatua, na msikilizaji huhisi kuwa ameketi karibu na wazee wanaozungumzia jambo walilolisikia. Rekodi ya tatu ni ya wasichana. Kinubi kipo, lakini hakisimulii tena. Kinapiga mapigo ya kuchezea. Sauti moja huita, nyingine zikaitikia kwa pamoja, na jina la mgeni hurudi tena na tena hadi likaacha kuwa jina la mtu likawa mwito wa ngoma. Tracey alieleza kuwa katika wimbo huu Chemirocha amegeuka kiumbe nusu mtu nusu paa, na kwamba wasichana wanamhimiza aruke kwa nguvu kiasi cha kutoka ndani ya nguo zake. Wimbo wote hauzidi dakika mbili.

Mimi naipenda ya tatu, na sababu zangu ni za kihakiki, si za mapenzi matupu. Kwanza, humo ndimo jina la kigeni lilipomaliza safari yake. Wanaume bado wanaeleza habari za mgeni. Wasichana wameshamfanya wao, na wanamcheka kidogo. Pili, kibwagizo katika rekodi hiyo hakifanyi kazi tunayokaririshwa darasani, ya "kusisitiza ujumbe". Hakuna ujumbe unaosisitizwa. Kibwagizo hapo kinakusanya pumzi za watu na kuzigeuza miguu. Mwanafunzi aliyepewa maneno ya wimbo huu kwenye karatasi angeandika kwamba mtunzi ametumia takriri, kisha akasonga mbele. Aliyeusikia atajua takriri hiyo ni ya nini. Hata hivyo, sitashangaa msomaji akizichagua zile mbili za kwanza kwa sababu ya ufundi wa kinubi. Tukifika hapo, yeye na mimi tutakuwa tumeanza kuhakiki.

Kuna watakaosema kuwa Chemirocha si Kiswahili, na kwamba jarida hili si mahali pake. Jibu langu lina pande mbili. Upande wa kwanza, lugha ya Kiswahili haikosi heshima inapotumiwa kujadili fasihi ya jirani. Hiyo ndiyo kazi ya fasihi linganishi. Tusipozijadili nyimbo za Wakipsigis, Wagikuyu, Waturkana na Waabagusii kwa Kiswahili, zitaendelea kujadiliwa kwa lugha za mbali. Upande wa pili, Kiswahili chenyewe kina mfano wake, tena ulio maarufu duniani kote: Malaika.

Fadhili William, mwana wa Taita, aliurekodi Malaika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kuhusu ni nani hasa aliyeutunga, mabishano hayajaisha, kwa kuwa Adam Salim wa Tanzania naye alidai kuwa wimbo ni wake. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka wa 1965. Boney M wakauimba mwaka wa 1981, naye Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi mwaka wa 1991. Msikilize Fadhili: gitaa zinakwenda kwa wepesi, na sauti yake ni ya kijana anayeona haya kuutaja umaskini wake, kwa hivyo anautaja huku akitabasamu. Msikilize Makeba: mwendo umepunguzwa, vokali zimevutwa, na haya imegeuka kuwa msiba.

Lakini kwa sikio la mwanafunzi wa Kiswahili kuna tofauti kubwa zaidi ya hiyo. Katika lugha yetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Wimbo huu umejengwa juu ya kitenzi "kuoa", kwa hivyo nafsineni yake ni mwanamume. Makeba anapoutamka, mwanamke ndiye anayelalamika kuwa amekosa mali ya kuoa. Msikilizaji wa New York hakulisikia hilo. Msikilizaji wa Mombasa au Nakuru hawezi kukosa kulisikia. Je, ni kosa? Ni kinaya? Au ni mwimbaji wa kike anayevaa nafsi ya kiume kama wafanyavyo manju wengi wa kike wa Afrika? Swali hili ni la kisarufi na la kifasihi kwa pamoja, na halimo katika maneno yaliyochapwa. Limo katika koo la anayeyaimba. Mimi nabaki na Fadhili, kwa kuwa aibu yake yenye tabasamu inaniuma kuliko kilio. Aliye na sababu za kumchagua Makeba na azitoe.

Ipo pia pingamizi nzito zaidi. Je, rekodi nayo si maandishi ya aina nyingine? Tracey alikuwa mgeni mwenye mtambo katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza. Yeye ndiye aliyeamua nani aimbe mbele ya kipaza sauti, wimbo uanze lini na ukome wapi, na maelezo yaliyosafiri na nyimbo hizo duniani ni yake. Nakubali. Rekodi moja inaweza kutudanganya vizuri kama ukurasa mmoja. Ndiyo maana sidai kuwa rekodi ichukue nafasi ya kitabu, bali kwamba rekodi zilinganishwe. Kama tungekuwa na Chemirocha ya tatu peke yake, tungeandika kuwa Wakipsigis walimwona Rodgers kama kiumbe wa hadithi, tukaishia hapo. Zile mbili za kwanza zinatuzuia kusema upuuzi huo kwa niaba ya kabila zima.

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Methali hiyo inafaa sokoni, lakini katika fasihi simulizi asiyechagua ndiye aambuliaye koroma, kwa kuwa hupokea lolote lililochapwa na kuliita "wimbo wa jamii". Jamii haiimbi, huimba watu, wenye majina, umri, jinsia na sababu zao za siku hiyo.

Katikati ya miaka ya 2010 maktaba iliyoanzishwa na Tracey, kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi, ilianza kuzirudisha nakala za rekodi hizo kwa jamii zilikotoka, wakiwemo Wakipsigis. Hilo ni jambo la kupongezwa, lakini pia ni la kutuonya. Nyimbo zilizoimbwa Kapkatet zilihifadhiwa kwa zaidi ya miaka sitini huko kusini mwa bara, nasi tulio mwendo wa saa chache kwa matatu hatukuwa nazo. Kericho hiyo hiyo ndiko Chandarana walikorekodi wanamuziki wa Kipsigis na wa benga kwa miaka mingi. Ni santuri na kanda ngapi za aina hiyo zimo katika masanduku ya nyumba za Nakuru, Molo na Naivasha zikiliwa na vumbi? Kila mzee anayefariki huondoka na namna moja ya kuuimba wimbo, hata kama maneno yake yamo kitabuni.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, kila mwanafunzi anayefanya utafiti wa nyanjani katika fasihi simulizi awasilishe maonyesho mawili ya wimbo mmoja kutoka kwa waimbaji wawili tofauti, pamoja na ulinganishi wake. Simu ya mkononi inatosha kwa kazi hiyo. Pili, jina la mwimbaji, mahali, tarehe na idhini yake viandikwe kabla ya maneno ya wimbo, ili tusiwageuze watu kuwa nambari. Tatu, idara zetu zitenge hifadhi ya sauti, hata iwe kabati moja na kompyuta moja, na wanachama wa chama hiki wawe walinzi wake.

Likizo inakaribia, na wengi wetu tutakwenda nyumbani kwa nyanya na babu wanaojua kuimba. Tuwaombe watuimbie. Kisha tuvuke ua, tumwombe jirani atuimbie wimbo ule ule.